Ndoo ya Karakana Namba Nane

Kapteni Tvedt, vuta kiti. Usikanyage maji.
Umeuliza swali ambalo kila mgeni huniuliza
viatu vyake vikiwa bado vinang'aa:
"Bi Szabo, si pesa ni pesa tu?"

Siyo.

Dola zote ni kijani, hata mtoto wa Dayton anajua.
Lakini Bunge likishazigawa, kila moja hupewa rangi yake
na siku yake ya kufa.

Za utafiti huishi miaka miwili:
ni za kinachowazwa, kinachochorwa,
kinachopaa mara moja kikaangukia shamba la watu.
Za ununuzi, mitatu: kilichokwisha kufuzu,
kinachohesabika, kinachopigiliwa ndani ya kreti.
Meli hupewa mitano. Meli haiharakishwi.
Za ujenzi, mitano pia, kwa ukuta ambao haukuwepo.
Na hizi za matumizi, za mafuta, balbu,
mshahara wangu, kiraka cha paa,
hizi ni kumbikumbi:
zilizaliwa Oktoba, na usiku huu saa sita
zinadondosha mbawa.

Paa hili linavuja tangu Machi.
Chini yake, mashine ya kupimia rada,
dola milioni nne, rangi ya ununuzi,
bado inanukia plastiki.
Ninazo pesa za kununua pacha wake.
Sina za kumkinga huyu asilowe.

Cheka. Hata mimi nilicheka, mwaka themanini na tisa.

Mama yangu, Ilonka, aliweka bahasha ndani ya kopo la biskuti:
ya kodi, ya kanisa, ya makaa,
ya viatu vya Vilma.
Januari moja baba, fundi wa mashine za kuhesabia fedha,
alitoa kwenye viatu akalipia makaa.
"Tusife baridi," akasema, na hatukufa.
Vilma akaenda shule na theluji ndani ya soksi.
Mama hakugomba. Aliandika juu ya bahasha tupu
neno moja, NANI,
akaiacha mezani hadi Pasaka.

Sheria nilijifunza hapo. Mengine nimeyasoma tu.
Hapa ni ileile, ila penye Pasaka pana hakimu,
na anayeitwa si jeshi, si Marekani:
ni wewe, mwenye saini.

Za paa tulikuwa nazo, usinielewe vibaya.
Hadi Februari Bunge lilibishana, tukalishwa kwa kijiko,
kipimo cha mwaka jana, na onyo: msianze jipya.
Aprili fundi Purcell akapanda, akashuka, akaandika bei.
Kisha barua: kubadilisha mbao tatu ni matengenezo,
je, kubadilisha paa zima si ujenzi?
Ikaenda. Ikarudi. Ikaenda.
Leo asubuhi imejibiwa: ni matengenezo.
Purcell hapokei simu. Yuko Indiana, anamwoza binti.

Na huko ghorofani wananunua viti. Sabini.
Fungu lisiloliwa mwaka huu hukatwa mwakani,
kwa hiyo watu wanakula wakiwa wameshiba.

Mimi nilikwenda dukani nikanunua ndoo,
dola sita, za mfuko wangu.
Mwanasheria Whitlow, mtu mwema, akaiinamia.
"Doreen, ya nani?"
"Yangu."
"Haifai. Bunge lilipokoma, na wewe ukome.
Serikali haiongezewi kwa huruma."
"Sijaipa serikali kitu. Ndoo imekuja kunitembelea."
Alitazama tone likidondoka, na la pili.
Akafunika kalamu yake, akaenda.

Sasa ni saa sita kasoro dakika nne.
Hapana, usisaini chochote. Inuka,
shika mpini upande wako, imejaa pomoni.
Maji haya ni ya mwaka unaokwisha.
Tukayamwage.